Kutambua Vijidudu Viuavyo Michungwa

Wasomaji wetu, tuseme kwamba mzee mmoja wa Muheza ana michungwa 40, aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe, nayo kwa miaka mingi imemsaidia kusomesha watoto wake. Asubuhi moja baada ya masika aona tawi moja la mti mmoja limegeuka kuwa manjano, hali matawi mengine yote yangali ya kijani kibichi. Majirani waja kutazama. Wa kwanza asema, "Mti huu una njaa, utie mbolea." Wa pili asema, "Huu ni ugonjwa usio na dawa. Ukate mti huu na yote iliyo karibu nao, uichome moto." Wa tatu asema, "Uache tu, mvua za vuli zitauponya." Je, mzee huyu amfuate nani? Akimfuata wa pili, na kumbe mti ulikuwa na njaa tu, amejiharibia mali yake bure. Akimfuata wa tatu, na kumbe ni ugonjwa kweli, basi baada ya miaka michache shamba lake na mashamba ya majirani wote watatu yatakuwa kuni.

Kwa sababu hii leo twapenda kuwaeleza wazee wa vijiji, walimu, na kila mwenye shamba, jinsi vijidudu viletavyo magonjwa ya michungwa vinavyotambuliwa. Tutaonyesha ni mambo gani mwenye shamba aweza kuyatambua kwa macho yake, na ni mahali gani macho hukoma, ikawa hapana budi kumwita mtaalamu.

Vijidudu hivi ni nini?

Vijidudu tunavyovinena hapa huitwa bakteria. Visidhaniwe kuwa ni wadudu wenye miguu na mabawa kama siafu au nzige. Kila kimoja ni chembe moja tu yenye uhai, nayo ni ndogo mno hata haionekani kwa macho matupu. Vingi katika hivi havina madhara, tena vingine vina faida kubwa, kwa maana ndivyo vigandishavyo maziwa, na ndivyo viozeshavyo majani yakawa mbolea. Vichache ndivyo viletavyo maradhi. Kwa binadamu, kipindupindu na kifua kikuu huletwa na bakteria. Na miti nayo ina bakteria wake.

Kwa kuwa vijidudu hivi havionekani, kuvitambua ni kama kumtafuta mwizi aliyeiba usiku. Hakimu mwema hamfungi mtu kwa sababu tu alionekana karibu na mlango uliovunjwa. Hutaka ushahidi. Vivyo hivyo wataalamu hawakubali kwamba kijidudu fulani ndicho kileta ugonjwa kwa sababu tu kimeonekana ndani ya mti mgonjwa, kwani huenda kimeingia baadaye, kama inzi wafuatavyo kidonda.

Kanuni za ushahidi huo ziliwekwa katika karne ya kumi na tisa, na mmoja wa walioziweka ni daktari Mjerumani, Robert Koch, ambaye baadaye alifika Afrika ya Mashariki, na mwaka 1906 alikuwa katika visiwa vya Sese, katika ziwa la Viktoria, akichunguza ugonjwa wa malale. Kanuni zenyewe ni nne. Kwanza, kijidudu kionekane kwa wagonjwa wa ugonjwa ule. Pili, kitolewe kwa mgonjwa na kuoteshwa peke yake katika chombo, bila kuchanganyika na kingine. Tatu, kikitiwa katika kiumbe kizima, kilete ugonjwa ule ule. Nne, kitolewe tena kwa mgonjwa huyo mpya, kionekane kuwa ni kile kile cha kwanza. Ushahidi huu ukitimia, mwizi amekamatwa.

Madonda ya michungwa

Mfano mzuri wa kazi hii ulitokea Marekani. Katika miaka ya 1910 ugonjwa mpya ulionekana katika michungwa na mibalungi ya jimbo la Florida na majimbo ya jirani. Majani na matunda yalitoka madonda ya rangi ya hudhurungi, yaliyoinuka na kukwaruza kama gome la mti, na kuzungukwa na duara la manjano. Wengi walidhani kwamba unaletwa na ukungu. Lakini mwaka 1915 Bibi Clara Hasse, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya kilimo ya Serikali ya Marekani, alitangaza kwamba amekitoa kijidudu katika madonda, amekiotesha peke yake, amekitia katika miti mizima, nayo ikatoka madonda yale yale. Kumbe haukuwa ukungu, bali ni bakteria.

Huko Florida miti iliyougua iliteketezwa, na mwaka 1933 ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha, ingawa baada ya miaka mingi ulirudi tena. Jambo tunalotaka wasomaji walishike ni hili: ugonjwa wa ukungu na ugonjwa wa bakteria waweza kufanana kwa macho, lakini vita vyake si vimoja, na anayepigana na adui asiyemjua hupoteza nguvu zake.

Ugonjwa wa ukijani

Ugonjwa wa pili ni mgumu zaidi, nao ndio unaomhusu mzee wetu wa Muheza. Wachina wa kusini, walioujua zamani, waliuita Huanglongbing, yaani ugonjwa wa chipukizi la manjano, na tangu mwaka 1995 jina hilo limekubaliwa na wataalamu wa dunia. Katika Afrika ya Kusini uliitwa ugonjwa wa ukijani, kwa sababu machungwa yake hubaki na ukijani upande mmoja, yasiive sawasawa. Nasi tutautaja kwa jina hilo la ukijani.

Afrika ya Kusini uliujua tangu mwisho wa miaka ya 1920, lakini kwa zaidi ya miaka 30 watu hawakujua kiini chake. Wengine walisema ni udongo uliopungukiwa na chakula fulani. Wengine wakasema ni udongo uliozidiwa na madini. Huko China mtaalamu Lin Kung-Hsiang alifanya jambo ambalo kila mkulima aelewaye kubebesha michungwa aweza kulifahamu. Alichukua kikonyo cha mti mgonjwa akakibebesha juu ya mche mzima, na mche ule ukaugua. Habari hizi alizitangaza mwaka 1956. Mwaka 1965 wataalamu wa Afrika ya Kusini nao walionyesha kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa kubebesha, na kwamba mdudu mdogo arukaye huuchukua kutoka mti hata mti. Basi dhana ya udongo ikaanguka, kwa maana njaa ya udongo haiambukizwi kwa kikonyo wala haichukuliwi na mdudu.

Mwaka 1970 wataalamu wa Ufaransa walitazama mishipa ya majani ya mti mgonjwa kwa hadubini ya elektroni, ambayo hukuza vitu kupita sana hadubini ya kawaida, wakaviona vijidudu vyenyewe. Vimo katika mishipa ile inayochukua chakula kutoka majani kwenda mizizini na kwenye matunda, wala havitoki nje ya njia hiyo. Kwa hiyo mishipa huziba, chakula hukwama majani, na mizizi hufa kwa njaa chini ya ardhi kabla mwenye shamba hajaona dalili kubwa juu.

Lakini hapo ushahidi wa Koch ulikwama. Kijidudu hiki hakikubali kuoteshwa kama kile cha Bibi Hasse. Watu wamejaribu mara nyingi, na mpaka leo haijapatikana njia thabiti ya kukitoa mtini na kukiotesha peke yake kikaendelea kuishi. Kwa hiyo jina lake Liberibacter hutanguliwa na neno la Kilatini Candidatus, maana yake mtu aliyeomba cheo naye hajakabidhiwa. Mashahidi wote wamemwelekea yeye, lakini kanuni ya pili haijatimia. Twalitaja jambo hili ili wasomaji waone uangalifu wa watu wa elimu, wasioandika neno "hakika" mahali pasipo na hakika.

Mambo ambayo macho yaweza kuyaona

Sasa turudi shambani. Mwenye shamba atazame mambo manne.

La kwanza ni majani. Chuma jani la manjano, ulishike mbele ya mwanga, utazame mshipa mkubwa wa katikati. Mti wenye njaa ya madini ya zinki huwa na majani ambayo mishipa yake ni ya kijani na katikati ya mishipa ni manjano, na upande wa kulia hulingana na upande wa kushoto kana kwamba jani limekunjwa likiwa na rangi mbichi. Jani la ugonjwa wa ukijani halilingani. Lina mabaka ya manjano na kijani yaliyotupwa ovyo, upande huu hivi na upande ule vingine. Ili usidanganyike, chukua kalamu, uchore duara ndogo mahali fulani upande wa kulia, na duara nyingine mahali hapo hapo upande wa kushoto. Kama ndani ya duara moja ni kijani na ndani ya nyingine ni manjano, tena ikiwa hivyo kwa majani mengi, una sababu ya kutuhumu.

Tena yafaa tuonye. Jani lililolingana halitoshi kuusafisha mti, kwa kuwa mti uliozibwa mishipa hushindwa kula, na mwishoni huonyesha njaa ya zinki pia. Mgonjwa aweza kuwa na njaa na ugonjwa pamoja.

La pili ni jinsi umanjano ulivyoanza. Njaa ya udongo aghalabu huonekana katika mti mzima, na katika miti mingi ya safu moja. Ugonjwa huu mara nyingi huanza katika tawi moja, kisha huenea polepole.

La tatu ni matunda. Chungwa zima huanza kubadili rangi upande wa chini, ulio mbali na kikonyo. Chungwa la mti mgonjwa hugeuza desturi hiyo, likaanza kuiva upande wa kikonyo, na chini likabaki kijani. Tena huwa dogo, lililopinda upande. Ukilikata katikati utaona mhimili wake umepinda, na mbegu nyingi zimesinyaa na kuwa nyeusi. Maji yake ni machungu.

La nne ni mdudu achukuaye ugonjwa, ambaye wataalamu humwita silidi. Urefu wake ni milimita tatu au nne tu, naye hupenda machipukizi mapya yatokayo baada ya mvua. Wako wa aina mbili, na kila mwalimu aweza kuwafundisha watoto kuwatofautisha. Silidi wa Afrika huacha alama isiyofichika: watoto wake hukaa chini ya jani changa, kila mmoja katika kishimo chake, na juu ya jani huonekana vinundu vingi kama upele. Silidi wa Asia haachi vinundu. Yeye akitua hukaa kichwa chini na mkia juu, kana kwamba amesujudu, na watoto wake wenye rangi ya manjano hutoa nyuzi nyeupe za nta juu ya machipukizi. Ukiona vinundu, ujue ni wa Afrika. Ukiona nyuzi nyeupe na wadudu waliosujudu, ujue huenda ni wa Asia, nawe umpashe habari bwana shamba siku hiyo hiyo.

Somo kwa shule

Walimu waweza kuonyesha darasani jinsi mishipa ilivyoziba. Tumekwisha kusema kwamba chakula hukwama majani. Chakula hicho ni wanga, na wanga ukiguswa na aidini hugeuka rangi kuwa nyeusi au samawati iliyoiva sana. Kila mtu ameliona jambo hili aliyetia tone la aidini katika uji wa muhogo.

Chuma jani moja la mti unaotuhumiwa, na jani moja la mti mzima, yote mawili yaliyokomaa na kuchumwa saa moja. Sugua uso wa kila jani kwa kipande chake cha msasa, mara ishirini hivi. Tia kila kipande cha msasa katika mfuko wake mdogo mweupe wa plastiki wenye maji kidogo, kisha dondosha tone moja la aidini, utikise. Maji ya jani zima hubaki na rangi ya aidini. Maji ya jani lililojaa wanga huwa meusi. Njia hii imetumika katika nchi za Asia kuchagua miti ya kupimwa zaidi. Mwalimu ashike aidini mwenyewe, kwa maana si kitu cha kuchezewa wala kuonjwa na watoto.

Hata hivyo, msasa na aidini havitoi hukumu. Tawi lililovunjika kidogo, au lililochubuliwa gome na kamba ya mbuzi, laweza kukusanya wanga vile vile. Kipimo hiki chafaa kuchagua mti wa kuitia wataalamu, basi.

Kipimo cha maabara

Basi wataalamu hukitambuaje kijidudu kisichoweza kuoteshwa? Hutafuta vinasaba vyake, yaani maandishi ya urithi ambayo kila kiumbe huzaliwa nayo. Majani husagwa, vinasaba vyote vilivyomo hutolewa, na kwa kipimo kiitwacho PCR kipande kidogo cha maandishi ya kijidudu hutafutwa na kunakiliwa. Nakala moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Walimu wawape watoto hesabu hii: kitu kikizidishwa mara mbili, tena na tena, mara 30, hupata zaidi ya 1,000,000,000. Kwa hiyo hata vijidudu vichache sana katika jani vyaweza kugunduliwa kwa saa chache.

Lakini kipimo hiki nacho chataka busara. Barua iliyoandikwa "Kwa Juma Ali" ikifika kijijini penye akina Juma Ali wawili, yaweza kumfikia asiye mwenyewe. Hapana budi kuongeza jina la babu, na la ukoo, na mahali akaapo. Vijidudu vilivyo ndugu hushirikiana sehemu nyingi za maandishi yao. Ukisoma sehemu moja tu waweza kumwita mmoja kwa jina la mwenzake.

Jambo hili lilitokea hapa hapa Afrika ya Mashariki. Kijidudu cha ugonjwa wa ukijani kina aina zaidi ya moja, na zilizo kubwa kwetu ni mbili, ya Afrika na ya Asia. Mwaka 2015 wachunguzi walitangaza kwamba vipimo vya michungwa ya Uganda vimeonyesha aina ya Asia. Mwaka 2017 wachunguzi wengine walisoma sehemu kadhaa za vinasaba badala ya moja, wakaona kwamba kijidudu kile si cha Asia. Kilikuwa ni tawi la ukoo wa Afrika, ambalo lilikwisha kupatikana huko Afrika ya Kusini katika mti wa mwituni uitwao Clausena, ulio wa jamaa moja na michungwa. Wale wa kwanza hawakusema uongo. Waliisoma barua kama ilivyoandikwa, lakini jina la babu halikuwamo.

Kwa nini jina lina maana?

Huenda msomaji akauliza, "Kama mti ni mgonjwa, jina la kijidudu lanihusu nini?" Lamhusu sana. Kijidudu cha Afrika na silidi wa Afrika huchukia joto. Hustawi mahali pa baridi kiasi, kama nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na joto likipita nyuzi 30 dalili za ugonjwa hupungua, na watoto wa silidi hufa katika joto kavu. Kwa hiyo nchi za chini zenye joto zilikuwa na ngome ya kujikinga, nayo ni jua lake. Kijidudu cha Asia hakijali ngome hiyo. Chavumilia joto, na silidi wake hupenda nchi za joto. Mahali jua lilipokuwa rafiki wa mkulima, kwa adui huyu si rafiki tena.

Nayo mambo yameanza kusogea. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba kijidudu cha Asia kimepatikana Ethiopia. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba silidi wa Asia amepatikana Tanzania, na mwaka 2017 kwamba yuko Kenya. Mdudu peke yake si ugonjwa, lakini ni gari lililokwisha fika stesheni likingoja abiria. Tena majaribio yameonyesha kwamba silidi huyu aweza kukichukua hata kijidudu cha Afrika. Basi mtu wa pwani asiseme, "Ugonjwa ule ni wa watu wa milimani."

Wasomaji watazame yaliyowapata watu wa Florida. Silidi wa Asia alionekana huko mwaka 1998. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka 2005, yaani miaka saba baadaye, nao ulikuwa umekwisha enea kimya kimya. Katika msimu wa 2003 hadi 2004 jimbo hilo lilivuna makasha ya machungwa yapatayo milioni 242. Katika msimu wa 2022 hadi 2023 halikufikisha makasha milioni 20. Tufani kubwa zilisaidia kuharibu, lakini ugonjwa huu ndio uliovunja mgongo wa kilimo kile. Nao ni watu wenye maabara, fedha na ndege za kunyunyizia dawa.

Yatupasayo kufanya

Mpaka sasa haijapatikana dawa ya kuuponya mti ulioshikwa. Katika miaka ya 1970 huko Afrika ya Kusini walipiga miti sindano za dawa ya viini, dalili zikapungua, lakini ugonjwa ulirudi. Kinga ndiyo njia, na kinga huanza kwa kutambua mapema.

Wenye mashamba wakague miti yao kila machipukizi mapya yatokapo, baada ya masika na baada ya vuli. Mti wenye kutuhumiwa ufungwe kitambaa, uandikwe siku ulipoonekana, na bwana shamba aitwe. Asiitwe kwa kupelekewa matawi, kwa maana kuchukua matawi mabichi kutoka mahali hata mahali ni kuwapa silidi nauli ya bure. Bwana shamba akija, majani yachumwe pamoja na vikonyo vyake, kwa kuwa vijidudu vimo zaidi katika mishipa ya katikati na katika kikonyo. Yachumwe katika matawi mbalimbali, kwa kuwa vijidudu havikuenea sawa katika mti. Tawi moja laweza kuwa navyo na la jirani lisiwe navyo. Yafungwe katika karatasi kavu, yaandikwe jina la kijiji, mti na tarehe, yapelekwe maabara. Katika Tanzania kazi hii ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya ina shirika lake la ukaguzi wa mimea, KEPHIS. Majibu yakisema mti hauna kitu, na dalili zingaliko, upimwe tena baadaye, kwani mti waweza kukaa miezi mingi, hata miaka, ukiwa na ugonjwa kabla haujaonekana wazi.

Wenye vitalu na mafundi wa kubebesha wana dhamana kubwa kuliko watu wote. Mdudu huruka kwa bawa lake, lakini mche huenda kwa lori. Kikonyo kimoja cha mti mgonjwa chaweza kupeleka ugonjwa mkoa mzima kwa siku moja. Kwa hiyo vikonyo vichukuliwe katika miti iliyopimwa tu, na vitalu vifunikwe kwa wavu usiopitisha wadudu. Mche wa bei rahisi usiojulikana mama yake ni ghali.

Wazee na viongozi wa vijiji twawaomba neno moja hasa. Mtu atakayekuja kusema, "Mti wangu una mabaka," asichekwe, wala asitishwe kwamba shamba lake litafyekwa kesho. Akiogopa atanyamaza, na akinyamaza kijiji kizima kitalipa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Hukumu ya kung'oa mti itolewe baada ya kipimo. Nayo ikiisha kutolewa kwa hakika, mti ung'olewe upesi bila huruma, baada ya kuwaua kwanza silidi waliomo kwa dawa, wasije wakahamia mti wa jirani.

Na yule mzee wetu wa Muheza? Asimfuate jirani yeyote katika wale watatu, kwa maana wote walitoa hukumu kabla ya kusikia mashahidi. Na achukue kalamu achore duara zake mbili juu ya jani, akate chungwa moja atazame mbegu, apekue machipukizi amtafute mdudu aliyesujudu, kisha amwite bwana shamba. Siku chache za kungoja jibu hazitamharibia shamba, mradi asihamishe tawi wala mche. Ikiwa ni njaa, zinki kidogo itaiponya michungwa yake yote 40. Ikiwa ni ugonjwa, mti mmoja utakatwa leo, naye atakuwa na nafasi ya kuiokoa 39 iliyobaki.